Injini ya kutafuta imeacha kuniletea wasomaji, niwatoe wapi?

Shikamoo dada,

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Kihonda, Morogoro. Nilisoma stashahada ya mifugo, ajira ikakosekana, nikaanza kufuga kuku wa kienyeji na chotara nyuma ya nyumba ya mama. Yale niliyokuwa nayaona bandani nikawa nayaandika kwenye tovuti: ratiba za chanjo, kuchanganya chakula, kulea vifaranga wiki za mwanzo, namna ya kumtambua kuku anayeanza kuumwa. Ndani ya miaka minne nimeandika kurasa 84. Picha zote nimepiga mwenyewe, na kuku wote ni wangu au wa majirani.

Mwaka juzi nilifika wageni 9,000 kwa mwezi. Matangazo yalinilipia intaneti na mifuko kadhaa ya chakula cha kuku, na watu walikuwa wananipigia kuagiza vifaranga. Karibu wote waliletwa na injini ya kutafuta, Google na wenzake. Kisha wakaanza kupungua, kidogo kidogo, halafu kwa kasi. Mwezi uliopita wamekuja 1,900. Sijafuta kitu wala sijaharibu kitu. Nimesoma kila ushauri wa kupanda juu kwenye matokeo, nimebadilisha vichwa vya habari, nimeongeza maneno, hali ni ileile. Nikitafuta mwenyewe dalili za kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, naona jibu limeshaandikwa pale juu kabisa. Mtu hana sababu ya kubonyeza zaidi.

Kuna kampuni moja ya mtandaoni niliilipa shilingi 60,000, ikaahidi wageni 10,000. Walikuja kweli, ndani ya siku mbili, ila hakuna aliyekaa zaidi ya sekunde tatu na simu yangu haikuita hata mara moja. Sikumwambia mama.

Dada, kuna njia ya kupata wasomaji bila kutegemea injini za kutafuta? Au zama za tovuti zimekwisha, nishike kuku tu? Nimekuambatanishia picha ya takwimu za mwezi uliopita.

Mfugaji, Kihonda

*

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kuona kazi ya miaka minne inakauka mbele ya macho yako, na huku hujakosea popote, ni jambo linaloumiza. Barua yako nimeisoma mara mbili, lakini ile picha ya takwimu nimeitazama mara nyingi zaidi, kwa sababu jibu lako limo humo na sidhani kama umeliona.

Wageni 1,900: kutoka injini ya kutafuta 1,020, Facebook 150, kwingineko 90. Halafu kuna mstari ulioandikwa "moja kwa moja", watu 640. Wengi wanauruka mstari huo wakidhani ni watu waliolijua jina la tovuti wakaliandika wenyewe kwenye simu. Sasa tazama hao 640 waliingilia mlango gani. Watu 470 kati yao hawakupitia ukurasa wako wa mwanzo. Walitua moja kwa moja kwenye ukurasa wa chanjo ya kideri, ambao anwani yake ina herufi zaidi ya 60, vistari na tarakimu. Hakuna binadamu anayeandika anwani ya namna hiyo kwa kidole gumba.

Hao wametumiwa. Mtu amekopi kiungo, amekirusha WhatsApp, mwingine amekibonyeza. Kiungo kikifunguliwa kutoka ndani ya WhatsApp, mara nyingi tovuti yako haiambiwi mgeni ametokea wapi, basi programu ya takwimu inamtupa kwenye fungu la "moja kwa moja". Na ukirudi kwenye takwimu za mwaka juzi, naamini utakuta fungu hilo halijaporomoka kama lile la injini ya kutafuta. Chanzo kingine cha wasomaji unacho tayari, na kimekuwa kikikufanyia kazi bila wewe kukihudumia.

Swali langu kwako ni hili: kwa nini ukurasa wa kideri, na siyo ule wa kuchanganya chakula? Wewe ni mtu wa mifugo, unalijua jibu kuliko mimi. Kichupa cha I-2, chanjo ya kideri, kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakikai. Mwenye kuku 15 hawezi kukinunua peke yake akamwaga kilichobaki. Inabidi awaite majirani, wapange siku, wachange hela, kila mtu afungie kuku wake asubuhi. Na chanjo yenyewe inarudiwa kila baada ya miezi 3. Kwa hiyo mara nne kwa mwaka, mtaani na kijijini, kuna mama mmoja anayewahangaikia wenzake kuwaeleza kwamba ni tone moja jichoni, kwamba kuku wanaoumwa hawachanjwi, kwamba waje kabla jua halijakali. Badala ya kueleza mara kumi, anawatumia ukurasa wako.

Huyo mama ndiye mtu wako. Utafutaji wa wasomaji nje ya injini ya kutafuta unaanzia kwa mtu ambaye tayari ana sababu yake mwenyewe ya kukutangaza, na kazi yako ni kumrahisishia. Weka juu ya ukurasa ule ujumbe mfupi ulioandikwa tayari: "Majirani, tunachanja kuku Jumamosi saa 1 asubuhi. Fungieni kuku tangu Ijumaa jioni. Maelezo na picha haya hapa." Chini yake weka kitufe kikubwa cha kutuma WhatsApp, ujumbe ukiwa umeshajazwa, yeye abadilishe siku tu. Ratiba iweke pia kama picha moja inayosomeka bila kukuza, jina la tovuti likiwa limeandikwa ndani ya picha yenyewe, kwa sababu picha inasafiri mbali hata pale kiungo kinapoachwa njiani.

Kisha jitumie mwenyewe kiungo hicho WhatsApp uone kinavyotokea. Mimi nimejaribu cha kwako. Kimekuja bila picha, na kichwa kimesomeka "Nyumbani". Mdogo wangu, watu wetu wamechoshwa na viungo vya kitapeli vya kujishindia bando. Kiungo kisicho na sura wanakiogopa, na wanafanya vizuri kukiogopa. Kila ukurasa una sehemu ya kuweka kichwa, maelezo mafupi na picha ya kuonyeshwa kiungo kinapotumwa. Weka ile picha ya mkono wako ukidondosha chanjo kwenye jicho la tetea, ni picha nzuri mno na umeificha chini kabisa. Ipunguze uzito. Punguza na uzito wa ukurasa wote, maana anayefungua kijijini anafungua kwa bando la siku na mtandao wa kusuasua.

Ili usibaki unakisia, viungo unavyovitoa wewe mwenyewe vitie alama. Mwisho wa anwani unaongeza maneno kama ?utm_source=kundi-mazimbu au ?utm_source=duka1, na takwimu zako zitaonyesha nani ametoka wapi. Ukurasa unafunguka kama kawaida. Kila sehemu iwe na alama yake, uziandike kwenye daftari, la sivyo baada ya wiki tatu hutakumbuka "duka1" lilikuwa lipi.

Makundi ya WhatsApp ya wafugaji unayajua, na najua pia namna watu wengi wanavyoyaharibu: wanaingia, wanabandika kiungo, wanatoka. Ongea na admini kwanza. Halafu jibu swali la mtu palepale kwenye kundi, jibu kamili, kabla ya kumwelekeza kwingine. Mtu ameandika, "Kuku wangu wanazubaa, wanaharisha kijani, mmoja shingo imepinda, niwape dawa gani?" Usimjibu kwa kiungo. Mwambie hiyo inafanana na kideri, kwamba kideri hakina tiba, awatenge wanaoumwa, waliokufa awafukie au awachome, na amwite afisa mifugo wa kata. Ukishamaliza ndipo useme: ratiba ya chanjo yenye picha nimeiweka hapa, ikusaidie kwa kuku wa kundi lijalo. Kundi moja linabeba hadi watu 1,024, na jibu la namna hiyo linasomwa na wengi waliokuwa na shida ileile wakanyamaza. Wewe umezoea kukaa na mfugaji bandani, hivyo jambo hili halitakushinda.

Sasa nije kwenye kile ninachokiamini kuliko vyote, nacho hakipo hata kwenye simu.

Miaka ile nilipokuwa na tovuti ya ushonaji, nilichapisha kadi 200 nikazigawa kwa mafundi cherehani. Kadi 100 zilikuwa na jina la tovuti na maua pembeni. Nyingine 100, kwa kuwa nilibakiwa na nafasi nyuma, niliweka jedwali la vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Zile za maua sikuwahi kuziona tena. Zile za vipimo nilizikuta zimebandikwa ukutani juu ya cherehani, na mwaka wa pili nilipopita kwa fundi mmoja, kadi ilikuwa imeshafubaa, imepakwa chaki, ila ipo. Wateja wake walikuwa wanaisoma wakisubiri. Tangu hapo sijawahi kumpa mtu karatasi isiyomfanyia kazi.

Wewe mfikirie mtu anayenunua vifaranga. Amebeba boksi la vifaranga 100, amelipia, roho inamdunda. Wiki tatu zijazo ndizo atakazokuwa na maswali kuliko wakati mwingine wowote, na hajui hata aulize nini. Andaa nusu karatasi ya A4: siku ya 1, maji kabla ya chakula, joto la taa au jiko, siku ya 7, chanjo ya kideri, siku ya 14, chanjo ya Gumboro, na kuendelea kama unavyojua mwenyewe. Pembeni acha kisanduku cha kuweka tiki kila siku. Chini kabisa weka anwani fupi, na msimbo wa QR kwa anayetaka kupiga picha. Siku hizi watu wameuzoea msimbo huo kwa ajili ya malipo, lakini bado wapo wengi wasiouamini, kwa hiyo usiuache peke yake. Weka na namba ya WhatsApp: "Tuma neno VIFARANGA." Tundu moja juu, ili ining'inizwe kwenye msumari wa banda.

Peleka karatasi hizo kwa wauza vifaranga wawili na maduka mawili ya dawa za mifugo. Usianze na maneno ya "nitangazie tovuti yangu". Mwambie muuzaji ukweli: mteja wake akifiwa na vifaranga 60 kwa kukosa chanjo, harudi kununua, na anawaambia wenzake kwamba vifaranga vyake ni vibovu. Karatasi yako inamlindia mteja. Mwenye duka naye atauza chanjo siku ya 7 na siku ya 14. Acha nafasi apige muhuri wake juu. Kila duka liwe na alama yake kwenye kiungo, na baada ya mwezi utajua lipi linafanya kazi.

Sitarajii karatasi 100 zikuletee watu 1,000. Pengine zitaleta 30. Lakini hao 30 watarudi siku ya 7, siku ya 14, na kila baada ya miezi 3, na wana kuku halisi. Linganisha na wale 10,000 ulionunua.

Juu ya hao, nakuomba usirudie. Kuna kompyuta zinazofungua kurasa, na kuna watu wanaolipwa senti kufungua na kufunga. Mbali na hela kupotea, mitandao ya matangazo inakataza jambo hilo, AdSense mojawapo, na akaunti inaweza kufungwa pamoja na malipo yaliyokuwa yanakusubiri. Ulidanganywa ukiwa katika shida, hilo halikufanyi mjinga. Mwambie mama. Nadhani anahisi tayari.

Redio ni mlango mwingine ambao watu wa mtandaoni wanausahau. Vituo vingi vya mikoani vina kipindi cha kilimo na ufugaji, na mtangazaji kila wiki anahangaika kumpata mtu anayeweza kuongea dakika 20 bila kusoma. Una stashahada, una kuku, unaongea lugha ya mfugaji. Nenda na mada tatu zilizoandikwa, ya kwanza iwe ile ya majirani kuchanja pamoja. Tatizo ni jina la tovuti yako. Lina vistari viwili na tarakimu, na hewani halisemeki. Mtangazaji akishafika kwenye "kistari cha kati" msikilizaji ameshaondoka. Nunua jina fupi la .co.tz, neno moja au mawili ambayo mtoto wa darasa la nne akiyasikia anaweza kuyaandika, ulielekeze kwenye tovuti ileile. Hilo lifanye kabla hujachapisha karatasi hata moja.

Na Morogoro mna uwanja wa Nane Nane, mna Chuo Kikuu cha Sokoine. Mabanda ya mifugo mwanzoni mwa Agosti yanajaa watu waliotoka nyumbani kwao makusudi kuuliza maswali unayoyajibu. Nenda na karatasi zako.

YouTube na TikTok, kama unapenda kupiga video, piga: dakika moja ya namna ya kumshika kuku na kudondosha tone. Ila ujue mitandao hiyo imetengenezwa ili mtu asitoke humo. Itakupa jina, na wachache tu watafika kwenye tovuti. JamiiForums, ikiwa inafunguka, ina mijadala ya ufugaji ya miaka mingi. Ukijibu kwa uungwana mada mbili tatu zenye uhai, inatosha. Facebook iache ilivyo. Huna mikono ya kufanya yote, na kuku wanataka kula.

Kuna jambo moja ambalo ningekusisitizia hata kama yote mengine utayaacha. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Injini ya kutafuta ilikuwa cha nduguyo, na WhatsApp pia ni cha nduguyo. Chaneli ya WhatsApp ifungue, inafaa, wafuasi hawaonani namba na unawafikia wote kwa mara moja. Lakini kesho masharti yakibadilika hutakuwa na la kusema. Kwa hiyo anza daftari la wasomaji lililo lako: jina, mtaa, namba ya simu, tarehe vifaranga vyake vilipoanguliwa, na kama amekubali kutumiwa ujumbe. Hilo la kukubali lisiwe la kubahatisha, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya sheria, namba ya mtu ni heshima aliyokupa. Ukiwa na tarehe ya kuanguliwa, unajua siku yake ya 7 ni lini. Mtumie meseji ya kawaida kabisa, hata mwenye kitochi ataipata: "Kesho ni siku ya chanjo ya kideri. Usiwape maji yenye dawa leo." Au chochote unachoona kinafaa, wewe ndiye mtaalamu. Mtu aliyekumbushwa hivyo hatakutafuta mtandaoni tena. Anakujua.

Kurasa zako 84 usizifute, na usizipambe zaidi kwa ajili ya injini ya kutafuta. Wale 1,020 wanaokuja bado, waache waje. Muda uliokuwa unautumia kubadilisha vichwa vya habari uhamishie kwenye mambo mawili tu kwa miezi mitatu: ukurasa wa majirani kuchanja, na karatasi ya vifaranga. Usihesabu wageni. Hesabu waliorudi mara ya pili, na hesabu simu.

Umeniuliza kama ushike kuku tu. Shika vyote viwili, kwa sababu kilichofanya mama wa watu atume ukurasa wako kwa majirani zake ni kwamba umeandikwa na mtu ambaye ana kinyesi cha kuku kwenye buti. Hicho injini ya kutafuta haikukupa, na haijakunyang'anya.

Rasimu ya karatasi ya vifaranga nitumie kabla hujaenda steshenari, niipitie. Maandishi yawe makubwa, atakayeisoma yuko bandani, saa 12 jioni, ana tochi mdomoni.